Stika Nyuma ya Kalenda

Gludug alilia kama simu mbele ya waamuzi, na nusu ya wanaume waliokuwa uwanjani wakapapasa mifuko yao.

Ilikuwa Jumapili ya mazoezi ya mashindano ya ndege waimbaji. Matundu yametundikwa kwa safu chini ya turubai, waamuzi wanapita na vibendera vyao, sisi wenye ndege tumesimama nyuma ya kamba tukipiga miluzi. Gludug alianza vizuri. Alipandisha mkia, akatoa ule mngurumo wa radi uliompa jina, akaingiza wimbo wa chiriku niliomfundisha kwa miezi mingi. Halafu kule kwenye maegesho mtu akapiga kiki pikipiki yake. Ndege wangu akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema: ting-tung. Ting-tung. Ting-tung.

"Pak Kusnan," mwamuzi akaniita, yaani Bwana Kusnan, "ndege wako kapata ujumbe. Msomee."

Walicheka mpaka wengine wakashika nguzo za turubai. Nilishusha tundu, nikalifunika kitambaa, nikarudi nyumbani bila kumuaga mtu.

Mimi si mtu wa Solo. Nilizaliwa Surabaya, karibu na bandari, ambako mtu asiyekupenda anakuambia kabla hujakaa. Niliacha shule darasa la tano, nikajifunza kuziba pancha, na kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye kichochoro cha mke wangu Murtini, huku Solo, ambako watu huongea kwa sauti ya kumlaza mtoto. Nimeishi nao miaka mingi. Nadhani nawajua.

Nilipomleta Gludug nyumbani, bado kinda, nilipita mlango kwa mlango. Niliwaambia murai ni ndege anayeshika kila anachosikia, kizuri na kibaya. Akisikia paka, atalia kama paka, na kazi yangu yote imekwenda na maji. Kwa hiyo nikaomba: ndege akiwa barazani anaimba, kusiwe na spika, blenda, nyundo, wala mtoto wa kupiga mayowe. Wote walisema "nggih". Bu Sumi, mama anayeuza mboga za mchuzi wa karanga, alisema nggih. Pak Ngadiran, mwenyekiti wetu wa kichochoro, alisema nggih mara mbili na kuinamisha kichwa. Nggih kwa lugha ya adabu ya huku ni ndiyo. Nikashukuru, nikaenda zangu.

Sasa nani amemfundisha ndege wangu kulia kama simu?

Mtu wa kwanza kumfikiria alikuwa Danang. Danang ni fundi simu, ana kibanda karibu na soko, na anamtaka binti yangu Wening. Wazazi wake walikuwa waje Jumapili inayofuata kuleta maneno, nami nilikuwa na wiki moja ya kuandaa jibu. Mpaka asubuhi ile jibu langu lilikuwa ndiyo. Nilimpenda kijana kwa sababu ya stika zake.

Ni vistika vya duara, ukubwa wa kifungo cha koti, ndani vina waya mwembamba uliozungushwa kama koili ya mbu. Ukiviangalia hivi hivi ni takataka. Lakini unagusisha simu, nayo inafanya kazi uliyoipangia, bila kubonyeza wala kuandika. Mikono yangu ina gundi ya pancha na grisi tangu asubuhi, na kioo cha simu hakiitii. Danang aliliona hilo siku ya kwanza aliyokuja kunywa chai. Alinibandikia moja kwenye kitambaa cha kufunikia tundu, maana kwenye nondo za tundu chuma kinaizuia. Nikigusa, somo la chiriku linaanza. Ya pili aliiweka kwenye ubao wa zana kibandani kwangu, nikigusa Murtini anapata ujumbe kwamba nina njaa. Ya tatu kando ya kitanda, nikilaza simu hapo inanyamaza mpaka alfajiri. Tatu tu. Zote nazijua.

Nilipofika nyumbani kutoka uwanjani nilitundika tundu barazani na kuwasha pikipiki. Gludug akainamisha kichwa. Ting-tung, ting-tung, ting-tung. Nikazima. Akanyamaza. Nikapiga kiki tena, naye akarudia vile vile.

Nilikaa kwenye kiti changu, nikawaza. Ndege hatungi. Anashika alichosikia, tena si mara moja wala mbili, bali siku nenda siku rudi. Basi kila pikipiki yangu inapoondoka, kuna kitu kinalia nyumbani kwangu. Mtu anapashwa habari kwamba mwenye nyumba hayupo. Na mtu wa kupashwa habari hiyo, katika nyumba yenye binti, ni nani?

Nikaanza kupekua. Nikaangalia chini ya meza, nyuma ya picha ya harusi yetu, juu ya jokofu. Murtini alikuwa jikoni akikaanga peyek, zile kaki nyembamba za karanga anazouza kwa pakiti, na alinitazama bila kuuliza kitu. Hilo nalo lilinitia shaka, kwa sababu mke wangu huuliza hata nikibadilisha soksi.

Niliikuta nyuma ya kalenda, ile ya bure ya duka la dhahabu, kwenye mwimo wa mlango. Ya duara, ilikuwa nyeupe zamani. Sasa imekuwa kahawia kwa kuguswaguswa. Niliigusisha simu yangu. Ikatetemeka kidogo, kisha hakuna kitu. Stika ile haikuwa na neno na mimi.

"Wening! Njoo, nduk, mwanangu."

Akaja na pindo la gauni mkononi. Binti yangu ni fundi cherehani, ingawa nyumbani anashona kwa mkono kwa ajili ya ndege.

"Hii nini?"

Aliitazama kalenda, si mimi. "Kalenda, Pak."

"Nyuma ya kalenda."

"Ukuta, Pak."

"Wening."

"Nggih, Pak," akasema, akarudi kwenye sindano yake.

Nikaenda jikoni. Murtini hakugeuka.

"Labda Danang aliisahau," alisema.

"Aliisahau nyuma ya kalenda? Na kalenda ikajitundika yenyewe?"

"Pakne, mafuta yatakurukia. Sogea kidogo."

Pakne ndivyo anavyoniita, baba wa mtoto wake. Akiniita jina hilo kwa upole namna ile, ujue mlango umeshafungwa.

Kesho yake niliifunga karakana mapema nikaenda kwa Danang. Alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, kioo cha kukuzia jichoni. Aliponiona aliweka chini chuma cha kuchomelea na kunivutia kiti. Sikukaa.

"Nyuma ya kalenda yangu kuna stika."

Akavua kile kioo. "Ipo, Pak. Niliibandika mimi."

Nilitegemea akane. Huku watu hukana kwa tabasamu, kisha mnakunywa chai. "Inafanya nini?"

"Naomba nisiseme, Pak."

"Inakuita uje nyumbani kwangu?"

"Hapana."

"Nikitoka, wewe unajua?"

 Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri betri akajifanya anasoma bei za vifuniko vya simu.

"Najua, Pak," Danang akasema.

"Unajuaje?"

"Hicho ndicho ninachoomba nisiseme. Nimeahidi."

"Umemwahidi binti yangu?"

"Siyo yeye."

"Nani basi, ndege?"

"Watu, Pak. Kuna jambo, na wewe unastahili kuambiwa. Lakini si mimi wa kukuambia."

Niligonga meza yake mpaka skrubu zikaruka. "Mwambie baba yako Jumapili atapewa chai, ataagwa, na atarudi kama alivyokuja. Umesikia?"

"Nimesikia, Pak." Alinitazama usoni. "Ila kwa hilo siwezi kusema nggih."

Niliondoka. Anakiri, na bado ananificha! Mwizi wa Surabaya angalau anakimbia.

Siku zilizofuata nilichunguza nyumba yangu kama mgeni. Nilirudi mchana nikakuta bilauri mbili za kahawa kwenye beseni, na nyumbani kwangu anayekunywa kahawa ni mimi peke yangu. Nikakuta kiti changu cha barazani kimesogezwa karibu na swichi ya umeme. Nilinusa mto wa kiti: sigara ya karafuu. Danang havuti. Au alinidanganya kwamba havuti? Nikaangalia ardhi nje ya lango, nikatafuta alama za tairi, mimi ambaye tairi ndiyo kazi yangu, na sikupata ya kijana yule. Nikasema anakuja kwa miguu, mjanja huyu.

Wening nilimwambia uamuzi wangu wakati wa chakula cha asubuhi. Hakupaza sauti. Aliinuka, akaosha sahani yake na yangu, akakaa dirishani kushona pindo. Alishona mpaka adhuhuri, akalifumua lote, akaanza upya. Murtini akamtazama, akanitazama mimi, akafungua mdomo, akaufunga.

"Sema," nikamwambia.

"Hakuna kitu, Pakne."

Ijumaa asubuhi nikaamua kumkamata. Nilisema kwa sauti ya kusikika jikoni: "Nakwenda Kartasura kuchukua matairi. Nitachelewa!" Nikavaa helmeti, nikapiga kiki, nikaondoka. Nilifika kwenye kona, nyuma ya mkokoteni wa muuza mipira ya nyama, nikazima, nikarudi kwa miguu kupitia njia ya mtaro. Helmeti sikuivua. Nilijibanza nyuma ya mashuka ya Bu Sumi yaliyoanikwa.

Murtini alitokea mlangoni. Mikono yake miwili imejaa unga wa peyek mpaka kwenye viwiko. Alichungulia kichochoroni, akainua kalenda kwa kiwiko, akaigusisha simu yake kwenye mwimo kama mtu anayeua mbu.

Ting-tung, ikalia kwa Bu Sumi. Ting-tung, kwa mwenyekiti. Ting-tung, nyumba ya kona. Ilishuka kichochoro kizima mlango baada ya mlango, na mwisho kabisa, kana kwamba naye yumo kwenye kundi, Gludug akajibu mara tatu.

Nikakaza ngumi, nikamsubiri Danang.

Kilichokuja kwanza ni blenda. Ilinguruma kwa Bu Sumi nyuma ya kisogo changu, pilipili na karanga kilo nzima. Kisha cherehani ya binti yangu, mbio, kama gari moshi. Mtu akaanza kupigilia misumari. Mtoto fulani, aliyeshikiliwa tangu alfajiri, akaachiwa akapiga yowe la furaha. Halafu akatoka Pak Ngadiran, mwenyekiti mzima, spika chini ya kwapa, kipaza sauti mkononi, sigara ya karafuu mdomoni. Akapanda baraza yangu. Akavuta kiti changu karibu na swichi, akachomeka waya. Murtini akamletea kahawa kwenye bilauri yangu, na mwenyekiti akafumba macho, akaanza wimbo wa mapenzi.

Nilitoka kwenye mashuka.

Blenda ilinyamaza kwanza, halafu cherehani. Yule mtoto akazibwa mdomo. Pak Ngadiran akafumbua macho akaona helmeti imesimama mbele yake. Kipaza sauti bado kilikuwa kinafanya kazi, na kichochoro kizima kilimsikia anavyomeza mate.

"Pak Kusnan," ikasema spika, "umewahi kurudi."

Akakizima.

"Mbona hamkuniambia?" nikauliza.

"Kukuambia nini, Pak?" Bu Sumi alikuwa ametoka, vidole vyekundu kwa pilipili.

"Kwamba mnataka kupiga kelele!"

"Hatutaki kelele, Pak, jamani. Mimi nataka mchuzi wa karanga tu."

"Na mimi ni kwa ajili ya mapafu," akasema mwenyekiti. "Daktari alinishauri."

"Nilipita mlango kwa mlango nikawaomba. Wote mkasema nggih!"

 Waliangalia ndala zao. Ni Murtini aliyesema, huku anafuta unga kwenye kanga.

"Walisema nggih, nawe ukasikia ndiyo."

"Nggih ni ndiyo!"

"Nggih ni nimekusikia, Pakne. Miaka yote hii umekaa hapa na bado unasikia kwa masikio ya bandarini. Hukuona mwenyekiti alisema mara mbili?"

"Niliona."

"Ya mara mbili ni hapana."

Pak Ngadiran aliinamisha kichwa, vile vile alivyoinamisha siku ile. "Tuliona sungkan, Pak," akasema. Sungkan ni ule uzito wa huku, mtu anapokuwa na neno litakalomchoma mwenzake na ulimi ukakataa kuinuka. Kwetu Surabaya hatuna uzito huo. Tungekuwa tumeshapigana na kupatana zamani.

"Mwanzoni nilikuwa nawaandikia," Murtini akaendelea. "Na mikono yenyewe ndiyo hii. Siku moja nilitaka kuandika 'ametoka', ikaenda 'ametutoka'. Nusu ya kichochoro wakaja na mchele wa matanga."

"Mimi nilishalia," alisema Bu Sumi. "Nililia kweli, Pak."

"Ule mchele wa mwezi wa mfungo?"

"Ndio huo. Uliula."

Niliukumbuka. Ulikuwa mchele mzuri.

"Ndipo nikamwomba Danang aniwekee stika kama zako. Alikataa. Alisema si vizuri kumzunguka Pak, uambiwe tu. Tukamsihi wote, mwenyekiti akamwapisha. Akabandika, akabaki kwenye kundi letu la simu kuangalia kama ujumbe unafika, basi. Hajawahi kukanyaga hapa ukiwa umetoka."

Wening alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni. "Na Pak ameshamkatalia," alisema. 

Ningeweza kwenda kwa Danang siku ile ile. Sikwenda. Niwe mkweli, shaka haikuniisha. Ilihamia mahali pengine. Kichochoro kizima kilinificha huku kinanichekea, na mtu mmoja tu ndiye aliyenitazama akakiri kwamba anaficha. Hilo nililipenda. Lakini mtu anayeweza kunyamaza kiasi kile kwa ajili ya blenda ya Bu Sumi, je, akiwa mkwe wangu atanyamazia nini? Nililala nalo, nikaamka nalo. Jumamosi nilimuuliza Murtini kama watu bado wanakuja.

"Wanakuja. Danang hakumwambia baba yake."

"Kwa nini?"

"Alisema jibu la Jumapili hutolewa Jumapili."

Walikuja na vikapu vya matunda na keki za mchele. Baba yake Danang, Pak Hadi, ni mstaafu wa posta, mtu mwembamba wa Solo hasa. Alianza na hali ya hewa, akapita kwenye bei ya kitunguu, akafika kwenye bustani fulani yenye ua lililotunzwa vizuri, na kwamba nyumbani kwake kuna chungu kitupu kinachosubiri, kama mwenye bustani haoni vibaya, na kama anaona vibaya basi yeye hajasema kitu. Murtini alikuwa anabana kitambaa cha leso mpaka vidole vikawa vyeupe. Nyuma ya pazia nilijua kuna mtu hapumui.

Wote wakanitazama.

"Nggih," nikasema.

Nilitaka waonje. Pak Hadi akatabasamu, tabasamu la huku, ambalo unaweza kulitumia harusini na msibani. Mama yake Danang akatazama keki. Murtini alinigeukia na macho ya kutaka kunitupia sinia. Hakuna aliyeuliza. Wangekunywa chai yao, wangeaga kwa heshima, wangekwenda kukisia wiki nzima maana ya neno langu.

Danang akasogea mbele. Mama yake akamfinya paja, nikaona.

"Samahani, Pak Kusnan. Hiyo nggih ni ya wapi? Ya Solo au ya Surabaya?"

"Danang!" mama yake akanong'ona.

"Nauliza tu, Bu. Nisipouliza leo nitauliza nikiwa na watoto."

Nilimtazama. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye masikio, lakini macho hayakuhama.

"Ya Surabaya," nikasema. "Na kuanzia leo, ukiwa na jambo linalonihusu, usimwapie mwenyekiti."

"Ndiyo, Pak," akasema. Alisema ndiyo ya wazi kabisa, isiyo ya adabu, na baba yake akapaliwa na chai.

Nyuma ya pazia kitu kilianguka, nadhani ni mkasi.

Wakati huo huo nje kichochoroni mtu akawasha pikipiki, mleta vifurushi labda. Gludug barazani akainamisha kichwa. Ting-tung, ting-tung, ting-tung. Pak Hadi akapeleka mkono mfukoni. Na kule kwa Bu Sumi, ambaye alimsikia ndege akadhani ni ile stika, blenda ikaanza kunguruma. Spika ya mwenyekiti ikakoroma, ikashika sauti.

Murtini aliinuka haraka kwenda kuwanyamazisha, mbele ya wageni, aibu gani hii.

"Kaa, Bune," nikamwambia. "Mimi nimeshatoka."